Maneno Aliyoyaacha Baba

Nilianza kuandika habari za nyumba yetu kwa beti kwa sababu nathari ilinishinda. Baada ya kumzika baba, kila Jumamosi niliketi kwenye meza ya kulia nyumbani kwangu Nyamasaria, nikajaribu kueleza alivyougua na alivyotutoka, na kila sentensi ikatoka kama ripoti ya mkutano wa wazazi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili. Ripoti za aina hiyo nimeziandika nyingi mno, najua harufu yake. Jumamosi moja nikakasirika, nikachana karatasi, nikaanza kuhesabu mizani kwa vidole kama mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Nikapata ubeti mmoja wa utenzi, mizani nane kila mshororo, na mshororo wa mwisho ukiishia kwa -ka. Nilipousoma kwa sauti nililia, jambo ambalo nathari haikuwa imenifanyia hata mara moja. Basi nikajua nimepata njia.

Shuleni walinicheka. Mwenzangu mmoja aliyelelewa Pwani aliniambia kwamba mtu wa ziwani kuandika utenzi ni kama yeye kuja kuniuzia omena, dagaa wetu. Nilimjibu kwamba omena tunanunua kwa yeyote, mradi zimekauka vizuri. Alicheka, lakini tangu siku hiyo akawa ananisahihishia vina bila kuombwa, na nikamwacha.

Nilitaka iwe riwaya nzima, si shairi la msiba la kusomwa na kusahaulika. Kila mtu wa nyumba yetu angekuwa na sehemu yake na kusema kwa kinywa chake: baba, mama, kaka yangu mkubwa na mimi. Tuko wachache, kwa hiyo nilifikiri kazi haitakuwa kubwa. Sehemu ya mama ilinijia haraka. Nilikuwa nikienda kwake ufuoni mwa ziwa kila mwisho wa mwezi, namsomea, kisha namgeuzia kwa Kidholuo, naye ananisahihisha bila huruma. Mahali nilipoandika kwamba alimpenda baba tangu siku ya kwanza, alisema siku ya kwanza alimwona baba kuwa mtu wa miguu myembamba, na niandike hivyo. Nikaandika hivyo.

Sehemu ya baba ilikuwa fahari yangu. Kilele chake kilikuwa maneno yake ya mwisho, yale aliyomwachia kaka yangu pale hospitalini asubuhi ile. Kaka alituletea maneno hayo yeye mwenyewe, macho mekundu, koti limekunjamana: kwamba mzee alifumbua macho, akasema, "Mwambie mama yenu asante. Asilie." Shangazi zangu waliyalilia maneno hayo usiku na mchana. Mimi niliyatengenezea ubeti, na sitajidai sikuupenda:

Mwambie yule mwenzangu,
asante kwa siku zangu,
amebeba moyo wangu,
asilie nikitoka.

Sehemu ya kaka ndiyo iliyokwama. Kila nikifika hapo naona kurasa tupu. Kaka yangu alikuwa haji nyumbani tena, na mtu usiyemwona ni vigumu kumpa maneno.

Ilianzia hospitalini. Baba alilazwa mjini Kisumu, na mama akahamia kando ya kitanda chake. Alilala kwenye kiti cha plastiki, akala alicholetewa, akaoga anapopata nafasi. Miguu yake ilivimba mpaka viatu vikakataa kuingia. Asubuhi moja kaka, kama kifungua mimba, akaamua mambo. Alimwambia mama aende nyumbani, aoge, alale kitandani kwake siku moja, yeye atabaki na mzee. Mama alikataa. Kaka akasisitiza, tena kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikizwa, mpaka akamtoa nje na kumpandisha gari. Mama alikuwa anaanika leso zake uani wakati jirani alipokuja mbio na simu mkononi. Mimi nilikuwa darasani nikifundisha. Baba alikuwa amekwenda.

Mama hakupiga kelele. Alisema kitu kimoja tu, nacho alikisema mbele ya watu: kwamba alikaa na mume wake siku zote zile, na siku ya kuondoka kwake mtoto wake mwenyewe ndiye aliyemtoa kando yake.

Halafu yakaja mazishi. Mtu asiyejua mazishi ya kwetu anaweza kudhani jambo kubwa ni jeneza au chakula. Jambo kubwa ni maiki. Kila mtu anataka kusema: majirani, kanisa, wakwe, waliosoma na marehemu, waliokopana naye majembe. Jua linapanda, hema linachemka, na bado mtu anasema ana maneno mawili tu. Mwishoni kabisa, kabla ya mhubiri, anasimama mtoto wa kwanza wa kiume. Hapo watu hunyamaza. Na siku ile watu walikuwa wanangoja kwa hamu, maana habari za maneno ya mwisho zilikuwa zimefika mpaka kwa wavuvi, na kila mtu alitaka kuyasikia kutoka kwa aliyeyapokea.

Nilimwona mama akiinuka kwenye kiti chake, akaenda mpaka kwa mzee wa kanisa aliyekuwa anaongoza shughuli, akamnong'oneza. Yule mzee akamtazama kaka, akatazama chini. Kisha akashukuru familia na kumkaribisha mhubiri. Kaka alikuwa ameshainuka nusu, mkono mmoja ndani ya koti akitoa karatasi yake. Akabaki hivyo kidogo, halafu akaketi. Hema zima lilielewa. Mtoto wa kwanza kunyimwa maiki mbele ya jeneza la babake ni aibu ambayo kwetu watu huisimulia mpaka wajukuu wanaisikia. Niliumia kwa ajili yake, na wakati huohuo nikasema moyoni kwamba amejitakia, kwa vile alivyomsukumia mama garini kama mzigo.

Tangu hapo kaka akajiweka mbali. Ana karakana yake ya makochi Kondele, na alibaki hukohuko. Sukari na unga alivituma kwa watu wa bodaboda. Mama alivipokea, akavitumia. Wakizungumza kwa simu walizungumza kuhusu mvua. Watu wetu wakakata shauri kwamba mama hajamsamehe kumtoa hospitalini na kwamba hatamsamehe. Mimi pia niliamini hivyo. Ndiyo maana nilipochoka na zile kurasa tupu, mwaka wa nne huu, nikaamua kumwandikia kaka sehemu yake mwenyewe. Nilimfanya aombe msamaha. Alipiga magoti katika beti zangu kama watu wanavyopiga magoti katika michezo ya shule, nami nikaona nimefanya kazi nzuri.

Majuma machache baadaye mama akanipigia simu. Kaburi la baba, lililo mbele ya nyumba upande wa kulia, lilikuwa limewekwa vigae, na kina mama wa kanisa walikuwa wameafikiana naye kufanya ibada ya kumbukumbu. Alitaka nije nisome. Nilimuuliza nisome sehemu gani, maana sasa ni kitabu kinene. Akasema nisome ule ubeti wa baba, ule wa asante. Niusome palepale kaburini, kwa maiki, watu wausikie. Kisha akasema, kama aliyekumbuka tu, kwamba nimwambie na kaka yangu.

Nitakuwa mkweli: nilifurahi kupita kiasi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusoma kazi yangu mbele ya watu ambao si wanafunzi waliolazimishwa. Siku hiyohiyo baada ya vipindi nikaenda Kondele.

Karakana ya kaka iko kando ya barabara, imebanwa kati ya muuza matairi na kinyozi. Nje kuna fremu za mbao za makochi zimepangwa uchi, ndani kuna sponji mpaka darini. Nilimkuta anavutia kitambaa kwenye kiti cha watu watatu, misumari midogo ameibana kwa midomo, nyundo mkononi. Amekonda. Nywele zake zimeanza kuwa nyeupe mbele, palepale zilipoanzia za baba, nikashtuka kuziona. Alinionyesha kochi lisilo na kitambaa niketi. Nikaketi juu ya sponji, nikamwambia nimemletea sehemu yake ya kitabu, nikamsomea kwa sauti ili nishinde kelele za pikipiki.

Mama yangu nimekosa,
moyo wangu wanitesa,
sina raha hata sasa,
machozi yamekauka.

Alitema misumari kwenye kiganja ili aweze kucheka vizuri.

"Mwalimu, mimi nimewahi sema 'wanitesa' lini? Huyo ni mtu wa redio."

Niliudhika. Nilimwambia kwamba kama ana maneno bora, ayatoe, maana mimi nimemngoja kwa muda mrefu. Akasema hana haja ya kuombewa msamaha na mtu mwingine, kisha akarudi kwenye nyundo yake. Tulikuwa tunaelekea kule tunakoelekea kila tunapokutana, kila mtu na kiburi chake, kwa hiyo nikabadilisha maneno. Nikamweleza habari za ibada, vigae, kina mama wa kanisa, na kwamba mama amenichagua nisome maneno ya mwisho ya mzee pale kaburini.

Nyundo ikasimama.

Aliniuliza kama ni lazima niyasome hayo. Nikasema mama mwenyewe ndiye aliyeyataka. Akauliza kama ni pale pale, juu ya mzee. Nikasema ndiyo, na kwa maiki. Akaiweka nyundo chini polepole, akavuta stuli, akaketi karibu nami mpaka nikasikia harufu ya gundi kwenye nguo zake.

"Usisome hiyo kitu," alisema. "Mzee hakusema chochote. Mimi ndio nilitunga."

Kisha akanieleza, macho yakiwa sakafuni. Asubuhi ile, baada ya kumtoa mama, alikaa na baba. Baba alikuwa amelala, anapumua vizuri tu. Kaka hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana yake. Akaona mzee amelala, akashuka mpaka kwenye kibanda cha nje ya lango, akaagiza chai na mandazi. Aliporudi wadini, pazia lilikuwa limevutwa kuzunguka kitanda. Muuguzi akamuuliza alikuwa wapi.

Alisema alitoka, akatembea kwenye ule ujia mrefu wa hospitali huku akifikiria jinsi ya kumtazama mama. Alimwondoa mama ili yeye abaki, na yeye pia hakubaki. Aliona mama atarudi pale akute hana chochote, si mume, si kwaheri. Kwa hiyo akatafuta kitu cha kumpa. Aliona "asante" ni neno ambalo mke yeyote angependa kuachiwa.

Nilikasirika, tena sana. Nilikasirika kwa ajili ya baba, aliyekwenda bila hata mkono wa kushika. Nilikasirika kwa ajili ya mama. Na kwa kuwa nimesema nitakuwa mkweli, nilikasirika pia kwa ajili ya ubeti wangu, ambao nilikuwa nimeulilia machozi mengi na sasa ulikuwa maneno ya fundi wa makochi aliyetoka kunywa chai. Nilimwambia mambo ambayo sitayarudia hapa. Kinyozi wa jirani alikuja kuchungulia, akarudi kwake.

Kaka alinisikiza mpaka nikaishiwa. Halafu akaniomba jambo. Akasema mimi naandika vizuri, basi niyaandike haya yote katika sehemu yake, chai na mandazi na pazia, kisha nimsomee mama. Atasikia kutoka kwangu, itakuwa imekwisha. Niliona alivyonitazama, mtu mzima mwenye mvi, na nikaona jinsi ingekuwa rahisi. Mizani nane, kina cha mwisho -ka. Hata mstari wa kwanza ulikuwa umeshaanza kujipanga kichwani, bila haya.

"Siandiki," nilimwambia. "Hii utaisema mwenyewe. Ukinyamaza, siku ya ibada nitasimama pale nikose la kusoma, na mama ataniuliza kwa nini."

Nilirudi Nyamasaria na kichwa kinachouma. Siku zilizofuata sikugusa kitabu. Nilimwogopa mama. Maneno yale ndiyo aliyobakiwa nayo, hivyo nilivyodhani, na sasa tulikuwa tunamnyang'anya siku chache kabla ya kuwakaribisha watu kumkumbuka mumewe. Nilijiuliza kama mama anaweza kumsamehe mtoto mara mbili kwa kifo kimoja, na jibu nililolipata halikunifurahisha.

Kaka alifika nyumbani mkesha wa ibada, asubuhi, kwa pikipiki, akiwa amevaa shati la kanisani. Nilikuwa nimetangulia. Ziwa lilikuwa limejaa magugu maji mpaka karibu na mawe ya kufulia, na upepo ulileta harufu ya omena zilizoanikwa kwa jirani. Kina mama wa kanisa walikuwa wamekwisha kushusha viti na kwenda zao. Mama alikuwa ameketi nyuma ya nyumba kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, anachambua mboga ya managu kwa ajili ya wageni wa kesho. Nilikuwa namsaidia, na vibaya, kwa maelezo yake.

Kaka alisalimu. Mama aliitikia, akamwambia aketi. Hakuketi. Alisimama pale na kofia ya pikipiki mkononi. Ninachokiandika kwa Kiswahili kilisemwa kwa Kidholuo, na nimejitahidi kutokipamba.

"Mama, mzee hakusema asante. Hakuniambia kitu. Ni mimi nilitunga."

Mama aliendelea kuchuma majani kutoka kwenye vikonyo.

"Najua," akasema.

Mimi ndiye niliyeangusha mboga. Mama alinitazama kwa kuwa nimemwaga, kisha akamgeukia kaka. Alimwambia kwamba ameishi na babetu tangu akiwa msichana, na hajawahi kuambiwa asante hata siku moja. Baba akifurahia samaki aliyempikia alisema huyu samaki hana miiba mingi. Hiyo ndiyo ilikuwa asante yake, na ilimtosha. Kaka alipokuja kutoka hospitalini na asante mdomoni, mama alijua saa ileile kwamba hayo si maneno ya mumewe. Ni ya mwanawe.

Kaka akamuuliza kwa nini basi hakusema chochote miaka yote hii. Mama akaweka mboga kando, na hapo nikajua atasema jambo alilolibeba.

"Siku ile ya mazishi nilikunyima maiki kwa sababu ungeyasema tena. Baba yako amelala pale, anasikia. Mtu hasemi uongo mbele ya jeneza la babake, wuoda. Ungeibeba laana yake mpaka kwa watoto wako. Nikaona afadhali watu wakucheke."

Wuoda ni mwanangu. Sikuwa nimemsikia akimwita hivyo tangu msiba. Miaka yote hiyo tulidhani alimwadhibu, tukakaa vikao, tukapima nani ana kosa, na kumbe alikuwa amesimama kati yake na jeneza. Nilitaka kulia lakini hasira ikanitangulia, ndivyo nilivyo. Nikamuuliza mama, kama alijua, alikuwaje akaniambia mimi niyasome kesho kaburini, mbele ya huyohuyo anayesikia?

Alisema mimi mdomo wangu haujui kulala. Alijua nitafika Kondele kabla jua halijatua, na kwamba kaka akisikia ni pale kaburini hatavumilia. Alikuwa amengoja aje mwenyewe, akachoka kungoja. Nikamuuliza je, kama ningenyamaza? Akasema angekata waya wa maiki. Alisema hivyo bila kutabasamu, na mpaka leo sijui kama ulikuwa mzaha.

Kaka bado alikuwa amesimama. Nilimwona akitazama mlango wa kuokoka uliofunguliwa mbele yake. Mama ameshajua, mama hajakasirika, angeweza kuketi sasa na mambo yaishie hapo. Nusura nimwombe kwa macho aketi. Lakini akasema kwamba liko jingine. Akamwambia kwamba hakuwa wadini. Alikuwa ameshuka nje ya lango kunywa chai, na aliporudi pazia lilikuwa limevutwa.

Hili mama hakulijua. Mikono yake ilisimama juu ya mkeka. Nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake ikibadilika. Kwa miaka yote hii alijua maneno ni ya uongo, lakini aliamini kwamba mwanawe alikuwa pale, kwamba baba alikwenda akiwa na mtu wake kando ya kitanda. Hilo ndilo lililomwezesha kulala. Sasa lilikuwa limeondoka, na sisi wawili tulikuwa tunamtazama likimtoka.

"Kumbe hakuwa na mtu," alisema.

Kaka alisema hapana, hakuwa na mtu. Hakuongeza sababu yoyote. Hakutaja miguu iliyovimba, ingawa angeweza.

Mama akajifunika uso kwa leso. Alilia kwa sauti, kilio kirefu cha kike cha kwetu, kile kinachomwita marehemu kwa majina yake ya sifa, jina baada ya jina. Hakuwa amekilia siku ya mazishi, na watu walilisema sana jambo hilo. Sasa alilia akiwa ameketi na managu mapajani. Sikumgusa. Kaka alichuchumaa pale alipokuwa amesimama, akaficha kichwa, naye akalia. Jirani aliyekuwa anageuza omena zake alisimama kutazama, nikampungia mkono kwamba ni sawa, ingawa sikujua kama ni sawa.

Alipomaliza alijifuta uso, akapangusa na shingo. Nilingoja amwambie aende. Nilikuwa hata nimeshaanza kufikiria tutawaambia nini kina mama wa kanisa.

Alimuuliza kaka asubuhi ile alikuwa hajala tangu lini.

Kaka akasema tangu jana yake mchana.

"Na hiyo chai uliimaliza?"

Akasema hapana. Alikuwa ameinywa nusu, akaingiwa na wasiwasi, akaacha mandazi mezani, akapanda ngazi mbio. Mama alitikisa kichwa taratibu. Alisema laiti angemwachia chakula siku ile kabla ya kupanda gari. Alikuwa na viazi kwenye kikapu na hakukumbuka. Kisha akanigeukia mimi, na sauti yake ya kawaida ikarudi, ile ya kuamrisha, akaniuliza nimekaa pale nikitazama nini wakati kuna samaki jikoni.

Nilileta samaki na ugali na mboga ya jana. Nilileta maji, nikamnawisha kaka mikono. Akaketi kwenye mkeka, karibu na miguu ya mama. Mama alimsogezea sahani, akamtolea miiba kama anavyowafanyia watoto, na kaka akamwacha amfanyie hivyo. Alikula kichwa chini. Mimi nilirudi kwenye managu kwa kuwa sikuwa na mahali pengine pa kuweka macho yangu.

Baada ya kitambo mama akaniuliza nitafanya nini na ule ubeti. Nikasema nitautoa, bila shaka. Kesho nitasoma zaburi, na kitabuni nitaweka kitu kingine mahali pale. Akasema nisiutoe.

"Mtoe baba yako tu," alisema. "Uuweke kwenye sehemu ya huyu. Yeye ndiye aliyeniambia asante."

Kaka akaacha kutafuna. Mama akamwambia ale, chakula kinapoa.